Mtoto na Mfuko wa Maharage

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Uvira wakati waasi wameshika mji. Mume wangu alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka, materniti imefungwa, kwa hiyo mama mkwe wangu ndiye aliyenizalisha, katika chumba chetu mtaani Kimanga.

Mtoto alitoka mnene. Lakini siku chache baadaye mashavu yalianza kwisha, na ngozi ya mapaja ikalegea kama soksi ya kuazima. Mama mkwe alikulia Rurambo, katikati ya ng'ombe, na kwake mtoto anayekonda alikuwa na dawa moja.

"Maziwa yako iko maji tu," aliniambia. "Tutafute ya ng'ombe."

Nililia kwa sauti. Jirani yetu, mke wa mzee Mwislamu mwenye duka, alinisikia akaja. Alikuwa amenyonyesha watoto wengi. Aliketi mkekani, akanitazama nikinyonyesha, kisha akamwondoa mtoto polepole na kumrudisha kifuani, kinywa wazi kabisa.

"Usimupe ncha tu, mwanangu. Ashike titi vizuri. Na usingojee alie, umupe kila mara. Nguo zake zinalowaka?"

"Zinalowa, mama, lakini kidogo."

"Zitalowa sana. Watoto wote wanapungukaka kwanza, halafu wanapanda." Akamgeukia mama mkwe kwa heshima. "Dada, tungoje kidogo mbele ya kumupa maziwa ya ng'ombe. Tutamupima."

Dukani kwao ilining'inia mizani ya sahani mbili, ya kupimia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Mawe yake ya chuma yalikuwa yamechukuliwa na wapiganaji wa waasi. Mzee mwenye duka aliifuta sahani, akatandika shali yake safi, akamlaza mwanangu. Upande wa pili alimimina maharage mpaka sahani zikalingana, akayatia katika mfuko mdogo na kuufunga.

"Huyu ndiye mutoto wako wa leo," alisema. "Mumulinde. Juma lijalo tutaona nani muzito."

Mama mkwe aliutundika mfuko ule ukutani. Njaa ilikuwepo, lakini hakuna aliyeugusa. Mimi nilinyonyesha asubuhi, mchana, jioni, nikimwamsha mtoto alipolala mno. Mama mkwe alinung'unika, ila kila nilipokaa kunyonyesha aliniwekea kikombe cha uji mkononi.

Siku ya kupima ilipofika tulirudi dukani, mfuko umefungwa kiunoni mwa mama mkwe. Mzee alikuwa ameushika mnyororo wa mizani mpiganaji mmoja alipotokea mlangoni, kofia yenye majani kichwani, mkuki mkononi. Hakuingia, dawa yao ya vita iliwakataza kuguswa na mwanamke.

"Mama, hiyo maharage leta."

Mama mkwe hakusogea.

"Hii si maharage," alisema. "Ni mujukuu wangu."

"Weye mama, unanicheka?"

Mzee alimweleza kwa upole. Kijana alisikiliza, akatazama sahani, kisha mtoto aliyekuwa akirusha miguu. Akaegemeza mkuki ukutani.

"Basi pima, nione."

Tuliweka maharage upande mmoja, mtoto upande mwingine. Mzee aliachia mkono. Sahani ya mwanangu ilishuka pole, pole, na maharage yakapanda juu, yakabaki huko.

"Ameshinda!" mpiganaji alipiga kelele, akacheka kama mtoto mwenyewe. "Mutoto ameshinda!"

Mke wa mzee alipiga vigelegele. Mama mkwe alifungua mfuko, akamwambia kijana aiweke kofia yake kizingitini, akaijaza bila kuombwa tena na kurudi nyuma ili wasigusane. Kijana aliichukua, akashukuru, akaenda zake.

Nilinyoosha mikono nimchukue mwanangu. Mama mkwe aliniwahi. Alimbeba njia nzima mpaka nyumbani, akimpandisha na kumshusha kifuani, na nilipomwambia atachoka, alinijibu:

"Wacha, mwanangu. Nasikia uzito."