Mama Mkwe Amekuta Sufuria Yangu Ndani ya Blanketi, Sasa Anataka Mtoto

Dada yetu mmoja wa Lodwar ametuandikia na kuomba jina lake tubaki nalo sisi. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Admin na wote mnaosoma hapa, nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka ishirini na minne. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea. Nimetoka upande wa Kitale, nikaolewa na Mturkana, na tunapanga chumba kimoja hapa Lodwar. Mume wangu ni mpole, hajawahi kuniinulia mkono. Nasema hivyo mapema ili msije mkamtukana.

Alikuwa karani wa stoo huko Kakuma. Mwaka jana kandarasi iliisha, hawakumpa nyingine. Siku hizi anapakua malori huko huko, na siku ambayo hakuna lori anashinda amekaa. Aliponiambia alilia, mwanaume mzima. Akasema, "Mama watoto, jibane. Lakini kwetu wasijue. Mama akijua nabeba magunia, nitaonekana nani?" Nikamwahidi.

Nikajibana kweli. Maji hapa tunanunua kwa mtungi, kwa hiyo ya kuoshea mboga naoshea vyombo, ya kuogesha watoto nafulia nepi, halafu namwaga uwanjani vumbi litulie. Unga wa makaa nachanganya na udongo, nafinyanga madonge, naanika. Samaki wa ziwani wanaoletwa kutoka Kalokol nangoja jioni, wakati wauzaji wanatoa vichwa na vipande vilivyovunjika kwa bei ya kutupa. Majani ya chai nikishachemsha nakausha dirishani, yanachemka tena. Sioni aibu. Watoto wangu hawajalala njaa.

Kilichoniokoa kuliko vyote ni kikapu. Nilifundishwa na akina mama wa kanisani. Unachemsha mahindi na maharagwe kidogo tu, unaepua yakiwa bado magumu, unafunika sufuria vizuri, unaisokomeza ndani ya kikapu kilichojaa nguo kuukuu, juu unazungushia blanketi. Ukirudi baada ya saa kadhaa yameiva yenyewe, jiko likiwa baridi. Changu nakiweka chini ya kitanda, maana ndipo pekee kuku wa jirani hawafiki.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Lokori bila kutuma habari. Mimi nilikuwa bombani na mtungi, mdogo mgongoni. Mkubwa wangu, msichana wa miaka minne, alikuwa na jirani. Alipomwona nyanya yake akamvuta mkono mpaka ndani. Jirani aliniambia mama mkwe akagusa jiko, baridi. Akauliza, "Nyinyi hamkuli hapa?" Mtoto akajibu kwa furaha, "Tunakula! Chakula imelala chini ya kitanda."

Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, blanketi limefunguliwa, sufuria inatoa mvuke. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mama." Akaniambia, "Mimi nimetoka Lokori nikikula vumbi. Wewe unafunika chakula blanketi kama mtoto mchanga, mimi nikae na njaa?"

"Mama, sijaficha. Inaiva."

"Inaiva bila moto? Mimi ni mtoto?"

Nikampikia chai haraka. Kwa kuchanganyikiwa nikatumia yale majani ya dirishani, na sukari nikaweka kidogo nilivyozoea. Akaonja, akaweka kikombe chini. Wenye kuwajua Waturkana mnajua chai ya mgeni inavyotakiwa kuwa tamu. Na kwao mtu akifika mlangoni, kilichomo ndani kinatolewa, hata kiwe kidogo namna gani. Mke wa kuficha chakula anasemwa mpaka wajukuu wanasikia.

Hakulala kwangu. Alilala kwa binamu yake ng'ambo ya barabara, na asubuhi wapangaji wa plot nzima walikuwa wanacheka. "Wewe, sufuria imeamka? Imenyonya?" Hayo nayavumilia. Lakini kabla ya kupanda lori la kurudi kwake mama mkwe alinishika bega, akaniambia taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza: "Mtoto wangu ana kazi kubwa Kakuma. Wewe unanyima watoto wake. Jumamosi nakuja kuchukua huyu msichana. Atakulia kwangu, mahali chakula hakifichwi."

Nikampigia mume wangu. Huyu huyu aliyekula kutoka kwenye hicho kikapu akasema mahindi yameiva kama ya mama yake. Nikamwambia, "Mweleze mama ukweli. Neno moja tu." Akajibu, "Mwache aende naye kidogo. Mambo yakinyooka tutamrudisha."

Yatanyooka lini? Mtoto huyu halali bila kushika sikio langu. Lokori si hapa karibu. Nikiwaza usiku mmoja bila yeye, maziwa ya mdogo yanakauka, nasema ukweli.

Nikimwambia mama mkwe kwamba mwanawe anapakua magunia, nitabaki na binti yangu, lakini nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya mama yake, mtu aliyeniamini akalia mbele yangu. Nikinyamaza, mtoto anaondoka na kukua akiambiwa mama yake alikuwa mchoyo. Mama mkwe si mbaya. Anampenda mjukuu wake, ndiyo maana anamjia.

Mtoto simtoi. Hilo nimeshaamua, na mume wangu nimemwambia. Ila nimempa mpaka Ijumaa aseme mwenyewe, na simu yake tangu jana imezimwa.

Nyinyi mlioolewa mbali na kwenu, na nyinyi wanaume mnaojua aibu ya kukosa kazi, nisaidieni. Msiniambie nivumilie, hilo nalifanya kila siku. Niambieni Jumamosi mama huyu akisimama mlangoni kwangu na kunyoosha mkono kwa mtoto, nifungue mdomo nimwambie nini?