Gari Lililonguruma Dakika Kumi Kila Ijumaa

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwa kinyozi, povu shavuni na simu mkononi. Katika kundi la sisi tuliowahi kufanya kazi Saudia, ambalo kwa kawaida hujaa picha za maua na dua za kuamkiana, mtu mmoja aliandika kwamba dereva wetu wa Riyadh amefariki. Hakujulikana kuwa mgonjwa. Mwanamke wa kwetu anayefanya kazi za ndani katika nyumba ya jirani aliona geti halijafunguliwa mpaka jua limepanda, akamwita mlinzi, wakaenda kugonga mlango wa chumba cha dereva kilicho ubavuni mwa gereji. Walimkuta kitandani. Daktari alisema ni moyo. Kinyozi aliniuliza kuna nini, nikamwambia aendelee tu, na akaendelea, nami nikalia pale pale mbele ya kioo, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu si zuri kulitazama.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kuangukia kazi hii ya gazeti nilikaa Jeddah miaka saba, katika ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Al-Baghdadiyah. Kazi niliyoajiriwa nayo ilikuwa kupima maboksi na kuandika anwani. Kazi niliyojipa mwenyewe ilikuwa kuandika barua, maana nilikuwa na Kiarabu kidogo cha kusomea, na kila Mkenya aliyekuwa na neno na kafili wake, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zake za ukaazi, alipita kwenye kaunta yangu. Marehemu alikuwa mmoja wao. Wakati huo aliendesha gari la familia moja ya mtaa wa Al-Rawdah: watoto shuleni, madam dukani, bosi uwanja wa ndege. Kila baada ya miezi kadhaa alileta boksi la mablanketi na sufuria la kumpelekea mama yake Taita. Alikuwa mrefu, mtaratibu, shati limepigwa pasi hata siku ya joto kali, na utani wake aliutoa kwa sauti ya chini hivi kwamba ulicheka umeshachelewa. Aliniita "mwandishi" zamani sana, kabla sijaandika chochote cha kunipa haki ya jina hilo. Hakuwahi kuoa. Alisema ataoa akirudi.

Kisha bosi alimhamishia Riyadh, akatunze nyumba yake nyingine ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ilikuwa imefungwa. Ndani ya gereji ya nyumba hiyo mlikuwa na gari la michezo, jekundu, la chini, la milango miwili, lililonunuliwa kwa furaha na kusahauliwa kwa haraka. Nilipokwenda Riyadh kwa shughuli za ofisi alinikaribisha Ijumaa moja nikalione. Alivua turubai lake taratibu, akanionyesha chaja ndogo iliyounganishwa na betri kwa waya mbili. "Ukiiacha hii gari wiki mbili bila chaja, betri imekufa," alinieleza. "Iko na vidude vingi ndani, vinakula umeme hata ikiwa imelala." Amri za bosi zilikuwa chache na alizishika kama katekisimu. Chaja isitoke. Gari lisitoke gereji isipokuwa kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka na kurudi. Kila Ijumaa liwashwe dakika kumi, kisha atume video inayoonyesha dashibodi, na kilomita zionekane. Aliliwasha mbele yangu, gereji nzima ikatetemeka, akashika simu yake na kurekodi. "Mimi ndiye dereva wa gari ghali kuliko zote Taita nzima," aliniambia, "na sijawahi kutia gia ya tatu."

Alipolizima alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akampigia mama yake. Waliongea Kitaita, na kwa kadiri nilivyoelewa walijuliana hali, mvua, mbuzi, kanisa, kisha wakaagana. Haikupita dakika kumi. Wakati ule sikuona kitu. Siku hizi naona kwamba wengi wetu tuliishi na jamaa zetu kwa namna ile ile: tuliwawasha kidogo kila wiki ili tujue wapo, tukazima, tukarudi kazini. Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tulidhani simu inatosha kuwa kuwepo.

Mwaka uliofuata mama yake aliugua. Likizo ya marehemu ilikuwa imeshakubaliwa kwa mdomo, ila bosi, kabla ya kuondoka kwenda Ulaya kwa mapumziko, aliweka sharti moja: kadi ya usajili wa gari inakaribia kuisha muda, lipite ukaguzi, kadi itolewe upya, kisha yeye atatoa ruhusa ya kutoka na kurudi. Dereva wa nyumbani hawezi kupanda ndege bila ruhusa hiyo. Lilikuwa jambo la asubuhi moja. Akalipeleka gari, wakaingiza bomba la kipimo kwenye ekzosi, na mkaguzi akamrudishia karatasi: limefeli, moshi mchafu. Gari lililokuwa safi kama sahani, lisilo na mkwaruzo, limefeli kwa moshi.

Alinipigia simu akiwa kwa fundi mmoja Msudani, mzee, akaniwekea spika nimtafsirie. Fundi aliuliza gari linaendeshwa mara ngapi. Nikamjibu haliendeshwi, linawashwa dakika kumi kila Ijumaa. Akauliza nani alitoa amri hiyo. Nikasema mwenyewe.

"Basi mwenyewe ndiye anayeliharibu," fundi alisema. "Betri ina chaja, gari halikuhitaji kuwashwa. Kuliwasha bila kuliendesha ni kulijaza masizi. Halipati joto la kutosha, na kile kichujio cha moshi hakifanyi kazi kikiwa baridi. Mwageni petroli hii ya zamani, tieni mpya, alipeleke barabara kuu saa nzima, alirudishe kwenye kipimo likiwa moto. Litapita. Halas, yamekwisha."

Nilipomtafsiria, rafiki yangu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Miaka mitatu, mwandishi. Sijakosa hata Ijumaa moja."

"Basi liendeshe," nilisema.

"Saa nzima ni kilomita mia na zaidi. Bosi akiziona kwa video nimekwisha. Ikama yangu, kibali changu cha kukaa, iko kwake."

"Na mama?"

"Mama amesema niharakishe. Tangu nizaliwe hajawahi kuniambia niharakishe kitu."

Hapa ndipo ningependa kuwaambieni kwamba nilimwambia awashe gari aende. Sikumwambia. Nilikuwa mtu wa kaunta, mtu wa karatasi, nimeona wengi wakirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, na nilijiona mwenye busara. Nilimwambia asiguse barabara kuu bila ruhusa. Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mimi nitamwandikia bosi ujumbe ambao hataweza kuukataa. Nikauandika. Kilikuwa Kiarabu changu kizuri kupita vyote nilivyowahi kuandika. Nilianza na salamu, nikafuatisha dua za afya yake, wazazi wake na safari yake, nikasifu ukarimu wa nyumba yake, nikaeleza habari za moshi na petroli kwa ustadi, nikaomba kilomita mia na ishirini kwa unyenyekevu. Mama mgonjwa nilimweka mwishoni kabisa, kwa maneno manne, maana niliona si adabu kumsukuma tajiri kwa machozi. Marehemu aliutuma kama ulivyo. Alama mbili zikatokea, ujumbe umefika. Jibu halikuja.

Alingoja. Kila asubuhi aliniuliza kama aandike tena, na kila asubuhi nilimwambia asubiri, mtu mkubwa hahimizwi. Wiki ya pili mama yake alifariki. Alimpigia bosi, simu haikushikwa, alimpigia madam Jeddah, naye akamwambia kwa huzuni ya kweli, "Subiri baba arudi, mimi siwezi kutoa ruhusa." Mazishi aliyatazama kwenye simu akiwa amesimama gerejini, mpwa wake akiwa ameinua simu juu ya vichwa vya watu, na mtandao ukikatika kila walipoanza wimbo.

Bosi aliporudi alishtuka. Yote haya marehemu alinisimulia mwenyewe, bila hasira, na ndiyo maana nayaamini. Bosi alimwuliza kwa nini hakuliendesha tu. Akamjibu kwamba aliogopa kilomita kwenye video.

"Video?" bosi alisema. "Mwanangu, mimi sizifungui. Nikiiona imefika najua uko salama, basi."

Kuhusu ujumbe wangu alisema aliuona, akaona ni mrefu na una salamu nyingi, akasema atausoma akitulia. Aliufungua pale pale, akashuka nao mpaka chini, na alipofika mwisho akafunika uso kwa kiganja. "Hili mngeliandika juu," alisema. Alimpa ruhusa siku ile ile, tiketi na miezi miwili. Rafiki yangu alimjibu, "Mafi haja, bosi," kwamba haina haja tena. Kesho yake alilipeleka gari barabara kuu saa nzima, akalirudisha likiwa moto, likapita. Alinitumia picha ya karatasi bila neno lolote. Hakuomba likizo tena, na ilipita miaka mitano hivyo mpaka Jumanne hii.

Nimejaribu kumchukia bosi yule na nimeshindwa. Hakuwa katili. Alikuwa mtu mwenye magari mengi na ujumbe mwingi, aliyesahau. Lakini pale ambapo safari ya mtu mmoja kwenda kwa mama yake inalala ndani ya simu ya mtu mwingine, kusahau kunafanya kazi yote ya ukatili, na hakuna wa kumshtaki. Hofu ya marehemu nayo sitaidharau, maana haikuwa ya kipumbavu. Mimi niliyekaa kwenye kaunta nilizijua sababu zake moja moja. Kosa langu ni kwamba niliijua hofu ile nikaivika kanzu, nikaiita heshima, nikampa aivae.

Juzi dada yake alinipigia kutoka Wundanyi, kwao Taita. Sauti yake ni ile ile ya chini. "Kaka, wewe ndiwe uliyekuwa ukimwandikia. Mwandikie bosi. Tunataka kumzika nyumbani, karibu na mama, na karatasi zinangoja sahihi yake." Nilikaa mezani nikachukua simu, na vidole vyangu, kwa mazoea, vikaanza: kwa heshima na taadhima. Niliyafuta maneno hayo. Nikaandika mstari mmoja kwamba dereva wake amefariki, dada yake anataka kumzika kwao, na tunaomba sahihi leo. Sikutia salamu. Jibu lilikuja chai yangu haijapoa: amesaini, na nauli ya mwili ni juu yake.

Kwa hiyo nawaomba, nyinyi mlio mbali na kwenu, na nyinyi mnaowaandikia wengine: haja yenu itajeni kwanza, kwa jina lake, mstari wa juu kabisa. Salamu zitangoja. Mama wa rafiki yangu hakungoja, na mimi ndiye niliyemwambia mwanawe angoje.