Kaku Ngalula Ashika Usukani

Umeme uliporudi nyumbani kwetu Likasi, pua ndizo zilizopata habari kwanza. Vumbi lililolala ndani ya televisheni yetu ya zamani lilianza kupata joto, likatoa harufu kama ya shati linalopigwa pasi kabla halijakauka vizuri, na sisi watoto tukaacha chochote tulichokuwa tukifanya na kukimbilia sebuleni na miguu yetu yenye tope jekundu. Ulikuwa msimu wa mvua, nami nilikuwa darasa la tano. Kaka yangu mkubwa, tuliyemwita Yaya Didier, alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi na mashine ya michezo iliyokwishatumiwa na wengine, ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, pamoja na maneti mbili, vile vidude vya kushika mikononi vyenye vitufe. Mchezo uliokubali kufunguka ulikuwa mmoja tu, wa mbio za magari, na ulitutosha.

Bibi yetu, mama yake Papa, Kaku Ngalula, alikuwa akiishi nasi tangu kiangazi, tulipomzika babu. Wawili hao walikuja kutoka Kasai wakiwa vijana, babu akiwa ameandikishwa kazi ya mgodini, na kwa miaka yote ile walikuwa na mazoea ya kuzungumza mpaka chakula kikapoa. Baada ya mazishi Kaku alinyamaza. Alikuwa akimega kidogo bukari, ndio ugali wetu, na kipande cha samaki wa ziwa Tshangalele, akanawa mikono, akarudi chumbani kwake kuutazama ukuta. Papa alimpeleka hospitali, akamwita mchungaji, akamletea wanawake wenzake wa kwaya waje kuimba kitandani pake. Kaku aliwashukuru wote kwa kichwa. Usiku nilimsikia Papa akimwambia Mama kwamba anaogopa mama yake atamfuata mzee.

Alasiri moja tulikuwa tukipiga kelele za mbio zetu, mlango wa chumba ukafunguka. Kaku akasimama akiangalia televisheni, mkono kiunoni. "Bale bantu banakimbilia wapi?" akauliza. Yaya Didier akamjibu kwamba hawaendi popote, wanashindana tu. Kaku akafikiri, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mkono. "Leta. Minye nitaenda polepole." Basi akashika maneti kwa mikono miwili kama mtu anayeepua sufuria motoni, na gari lake likaanza kutembea.

Sijapata kuona uendeshaji kama ule. Magari mengine yote yalipotea mbele kwa mngurumo, lake likabaki likijongea kando ya barabara ili atazame miti na nyumba. Kwenye kona aliinama na mwili mzima, kitenge kikimtoka begani. Alipogusa gari la mtu aliomba radhi, "Pardon, papa," akasimama kuona kama yule dereva ameumia. Mashine ilimwekea mshale mkubwa wa kumharakisha, naye akaukemea: "Weye, acha kunisukuma!" Tulicheka mpaka tumbo likauma. Siku zilizofuata watoto wa jirani walianza kuja, si kucheza, bali kumtazama Kaku akiendesha. Naye akaanza kutusimulia: jinsi babu alivyomwahidi kununua gari wakistaafu, warudi Kasai kwa barabara, wakisimama kila kijiji kula na kusalimia. Gari halikununuliwa. Alisimulia hayo bila machozi, macho kwenye barabara.

Papa hakujua lolote kuhusu mbio za Kaku, kwa maana mchana alikuwa ofisini, na Kaku mwenyewe alijiwekea kidole mdomoni tusimwambie. Alichojua ni kwamba alama zangu za hesabu zimeshuka, na kwamba kanisani wanasema michezo ile inafungua milango mibaya. Jumapili akatangaza kwamba kabla ya ibada inayofuata mashine itoke nyumbani. Yaya Didier akakitafuta kile kitenge cha kuifungia. Mimi nililia, na si kwa ajili ya mbio.

Jumamosi Papa aliingia na mvua mabegani, akakuta sebule imejaa watoto. Hakuona nani yuko katikati. Alipita moja kwa moja hadi ukutani, akashika waya.

"Kalala! Ngoja kwanza, nifike."

Papa akageuka. Tangu mazishi hakuwa amesikia mama yake akiliita jina lake kwa sauti. Akabaki vilevile, mkono kwenye waya, akitazama gari lile likijikokota, la mwisho kabisa, hadi kwenye mstari. Watoto wakalipuka kwa vigelegele. Kaku akainua mikono yote miwili. Papa akaachia waya, akatoka nje barazani, na aliporudi alikuwa amevua viatu. Akaketi mkekani. "Mama, nionyeshe." Hakumaliza kona ya kwanza, alijigonga, akarudi nyuma, akajigonga tena. Kaku akacheka hadi akamshika bega. "Kalala, minye nilikuzaa na macho mawili! Hauone ukuta?"

Mashine haikutoka. Alama zangu zilipanda kidogo, Kaku alirudi kwenye kwaya, na tulicheza hadi maneti zilipochoka kabisa.

Leo naishi Lubumbashi, na binti yangu anacheza kwenye simu na watoto asiowahi kuwaona. Nasikia watu wakisema michezo inaua mazungumzo, nami siwaamini. Ninachokiona ni kingine: kwetu umeme ulipokatika tulibaki palepale gizani, magoti yakigusana, tukiendelea kubishana, lakini kwake mtandao ukikatika, rafiki anatoweka. Juzi alikatikiwa hivyo, akaja kwangu mama yake jikoni, amenuna. Nikamwuliza rafiki huyo anaitwa nani. Hakujua. Walikuwa wamecheza pamoja likizo nzima. Nikamwambia, "Akirudi, mwulize jina, na umwulize kwao kukoje." Baada ya muda nikasikia kicheko, na nikasikia anavyopaza sauti ili asikike. Akaja mbio na simu mkononi. Rafiki anaitwa Exaucé, yuko Kindu, mvua inapiga mabati yao kwa nguvu, na anauliza kama anaweza kumsalimia mama.