Maziwa Kabla ya Maneno

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kuchunga, kwa hiyo sina maneno ya kitabuni. Lakini nawasikia mnavyowasema viongozi vibaya, na nawasikia wazee wenzangu wakilalamika kwamba nchi imeharibika kwa kuwa hakuna anayemheshimu kiongozi tena. Na mimi nilikuwa nasema hivyo. Nilikosea, na nataka mjue nilikosea wapi.

Mimi nilizaliwa kule juu Mbulu. Nilipokuwa msichana, kiongozi akija tulifagia barabara tangu asubuhi, tukapangwa mstari, tukaimba. Alisema, tukapiga makofi. Aliondoka, tukapiga vigelegele mpaka gari likapotelea kwenye kona. Halafu baba alirudi nyumbani akaingia zizini, na huko ndiko alikomtukana yule kiongozi, sauti ya chini, mbele ya ng'ombe tu. Alijua ng'ombe hawapeleki maneno. Mimi nilikua nikidhani hiyo ndiyo heshima.

Nikaolewa, nikashuka huku Hanang. Nimezeeka huku, tunalima mahindi na maharage ya ngwara, tuna ng'ombe kidogo. Na sasa mke wa mwanangu wa pili ndiye diwani wa kata yetu. Alipokuwa anaomba kura alizunguka vitongoji vyote kwa miguu, na mahali penye wanawake alisema neno moja tu: nikichaguliwa, punda wenu watapumzika. Maana huku maji tunayachota mbali, na mwenye kuyabeba ni punda. Wanawake walicheka, wakampa.

Maji yalitoka kweli. Msimu mmoja wa kilimo tulifungua bomba kama watu wa mjini Katesh. Kisha mashine ya kisima ikafa, na punda wakarudi njiani.

Huyu binti hakulala. Alikwenda Katesh, kwenye ofisi za wilaya, akarudi. Akaenda tena. Kila mara anaambiwa asubiri spea. Waendesha bodaboda walimzoea mpaka wakawa hawamuulizi anakwenda wapi. Lakini maji hayatoki kwa kupanda bodaboda, na watu wakaanza kuja nyumbani.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu.

Kwetu mgeni haanzi kusema shida yake na tumbo tupu. Na mtu akishakula kwako, siku hiyo hakutukani. Maziwa yakishapita kooni, neno baya halipandi. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, nami nimemfundisha kila mwanamke aliyeingia jikoni kwangu. Basi nilipomwona mtu anaingia uani amekunja uso, nilikimbilia kibuyu. Sikumwacha hata akae vizuri. Anapewa maziwa ya mgando, kama kuna ugali anapewa na ugali. Anakunywa, uso unalegea. Ananiuliza habari za ndama, ananiuliza kama mvua ya upande wa Balangdalalu imefika, anashukuru, anaondoka.

Nilijiona hodari. Binti akirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, ananiuliza kama watu walikuja. Namwambia walikuja. Ananiuliza wamesemaje. Namwambia wamekusalimia. Na kweli walikuwa wamemsalimia, sikusema uongo. Anashusha pumzi, anasema watu wa kata hii wana uvumilivu. Mwaka ukaisha hivyo.

Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara, uwanjani pa shule. Nilikwenda, nikakaa na wanawake wa rika langu. Meza ilikuwa mbele, yeye yuko katikati, mtendaji pembeni yake. Kabla hata mkutano haujafunguliwa, wanawake wakaingia na punda zao. Kila mmoja alifungua kamba, akashusha madumu matupu, akayaweka mbele ya meza. Wa kwanza akaweka, wa pili akaweka, mpaka rundo la njano likainuka na sisi tuliokaa nyuma hatukumwona tena diwani ila kichwa.

Mgambo akataka kuyapiga teke. Diwani akamwambia ayaache. Akasimama, akashika upande mmoja wa meza yeye mwenyewe na kuisogeza, ili rundo lipate nafasi.

Basi midomo ikafunguka. Mwanamke mmoja jirani yangu kabisa, tunapalilia pamoja, alisimama akasema punda wake amemtuma aulize lini anapumzika. Watu wakacheka kicheko kibaya. Mwingine akasema diwani amenenepa, bila shaka maji ya Katesh ni matamu. Kijana mmoja akasema neno juu ya mwili wake ambalo siliandiki hapa, na wanawake hao hao waliokuwa wanamzomea diwani wakamgeukia wakamwambia akae chini, hapa wanazungumza habari ya maji, hawazungumzi habari ya mama yake. Akakaa. Hilo nililiona, lakini siku ile sikulifikiria.

Binti alikuwa na daftari, anaandika. Mwanamume mmoja akapaza sauti akamwita mwizi, na alipoona kalamu inatembea akamuuliza, "Na hilo umeandika?"

"Nimeandika," akasema. "Kama una ushahidi niongezee, niandike na huo. Kama huna, nimeandika kwamba umesema."

Mtendaji akamwinamia, akamwambia wafunge mkutano, watu wamechafuka. Akakataa. Akasema walisubiri mwaka mzima, wamalize.

Ndipo akasimama mzee mmoja mfugaji, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Getanuwas. Mtu mrefu, mkavu, ananizidi umri. Alisema ndama wake wamekufa njiani wakipelekwa kunywa maji. Alisema bila kelele. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake, akaniona, akamgeukia diwani.

"Nilikuja kwako mara tatu," akasema. "Mara tatu mama mkwe wako alinipa maziwa, nikanyamaza. Leo sijala kwako."

Watu wote wakanigeukia. Na wengine wakaanza kusema na wao: hata mimi, hata mimi alinipa ugali. Mmoja akasema kumbe wengine wanatoa wali na fulana wakati wa kura tu, nyumba hii imeendelea kutoa mwaka mzima. Nilijifunika kanga usoni. Nilikuwa nimeshikwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

Diwani alipopewa nafasi hakuongea sana. Alisema aliahidi punda watapumzika na hawajapumzika. Alisema hajui spea itakuja lini, na hatataja siku asiyoijua. Akaomba watu wanne waende naye Katesh Jumatatu, wakaseme kwa midomo yao, maana mdomo wake umechakaa. Kisha akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake wakachukua madumu yao.

Nyumbani alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni, hata viatu hakuvua.

"Mama," akaniambia, "mwaka mzima nilidhani wananivumilia. Kiongozi asiyejua kwamba watu wamemchoka, ana kazi gani? Jumatatu naandika barua. Nakiacha hiki kiti."

Nilikuwa sina hasira na yeye, nina hasira na yule mzee. Mtu amekunywa maziwa yangu mara tatu, halafu anasimama kunitaja mbele ya kata nzima! Na kwa sababu ya mzee huyo, huyu binti, ambaye nimemwona akitembea na homa kwenda Masakta kupanda gari la Katesh, anataka kuacha kazi. Kesho yake asubuhi nikachukua fimbo yangu, nikaenda bomani kwake.

Nilimwamkia shikamoo, hata mwenye hasira huamkia. Akaitikia marahaba. Akaniwekea kigoda. Mke wake alikuwa mlangoni, tayari ameshika kibuyu, na mimi nilikuwa nimetembea jua limeshawaka, koo limekauka. Yule mzee akamwinulia mkewe mkono, asubiri.

"Sema kwanza, mama wa diwani," akaniambia. "Ukinywa, utashindwa. Na hiyo fimbo iweke chini, unawatisha mbwa wangu."

Basi nikasema. Nilimwambia shukrani ya punda ni mateke. Nilimwambia ameniaibisha uzeeni. Nilimwambia binti anaandika barua kwa sababu yake, na akija diwani mwingine, mwanamume wa kukaa na kiyoyozi Katesh, asije kulia kwangu. Nilisema mengi, mengine sikujua kama ninayo. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Nikaendelea. Hakunikatiza hata mara moja, anachora chini kwa kijiti. Nilipokwisha kweli, nikaona mwenyewe kwamba kifua kimekuwa chepesi, na kwamba simchukii tena kama nilivyokuja.

"Mimi simchukii huyo binti," akasema. "Ningekuwa namchukia ningetembea tangu alfajiri kwenda kumsema? Mtu usiyemtegemea humsemi, unampita. Ila nilikuwa nimefikia kumpita. Mara ya nne kwako nisingekuja."

Kisha akamwita mke wake, na kibuyu kikaja. Nikanywa mara mbili.

Kurudi ni njia ndefu, mlima uko mkono wa kushoto muda wote, nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilimkumbuka baba zizini. Tulipiga vigelegele kwa kiongozi aliyetulalisha njaa, na tukaita heshima. Ilikuwa woga. Hawa wa leo wamesimama jua kali, kila mmoja anajulikana jina na mlango wake, wakamwambia mkubwa wao uso kwa uso kwamba hakufanya. Na yeye amekaa akaandika mpaka neno mwizi. Kwenye redio wanaiita demokrasia, wanaisema kama kitu cha kuagizwa mbali. Mimi niliiona uwanjani pa shule, ina madumu na punda, na inanuka jasho. Sikuipenda siku ile. Sasa naistahi.

Sisemi kila tusi ni zuri. Mjukuu wangu wa kike hunisomea yale ya kwenye kundi la simu, watu wasio na uso wanaandika mambo ya chumbani kwa mtu. Huo ni uchafu tu, hauleti maji. Anayetukana asimame tumwone, na asikilize anapojibiwa. Yule kijana aliyeambiwa akae chini, akakaa, namhesabu kuwa ni mtu. Wa kwenye simu bado.

Nilimweleza binti yote. Nilimwambia watu hawakumficha, mimi ndiye niliyewafunga midomo kwa maziwa, kisha nikamletea salamu zao kama zawadi. Nilimwomba radhi. Ni neno gumu kwa mama mkwe, nililisema mara moja, halirudiwi.

Jumatatu walikwenda Katesh, yeye na wale wanne, yule mzee akiwa mmojawapo na blanketi lake begani. Barua alikuwa ameiandika, nilimwona akiitia mkobani. Waliporudi alikuwa hana sauti, na yule mzee ndiye aliyekuwa anasimulia, amegombana na nani, amekataa kiti cha nani. Barua ilikuwa bado mkobani. Niliitoa nilipokuwa natafuta kiberiti. Nyuma yake ilikuwa imejaa mwandiko wake, vitongoji visivyo na maji, kimoja baada ya kingine, maana daftari lilikuwa limekwisha.

Sitawadanganya kwamba maji yalitoka kesho yake. Spea ilikuja baadaye sana, na hata leo bomba hutoa siku nyingine na siku nyingine halitoi. Punda hatujawauza. Lakini yeye yupo kwenye kiti chake, na anajua kila anayemkasirikia kwa jina.

Asubuhi ya ile Jumanne, kesho yake baada ya safari ya Katesh, kabla hatujamaliza kukamua, wanawake watatu waliingia uani, nyuso zimekunjwa. Walitusalimia kifupi. Mke wa mwanangu mdogo, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye kibuyu. Nilimshika mkono. Nikawaita wote waliokuwa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, mbele ya wageni wale wale, wasikie.

"Kuanzia leo," nikasema, "anayekuja hapa kumtafuta diwani apewe kigoda kivulini, na diwani aitwe atoke. Kibuyu kifungwe mpaka mgeni amalize maneno yake yote, hata yakiwa machungu. Akimaliza, ale ashibe. Na atakayemmiminia mtu maziwa kabla hajamaliza kugomba, maji ya siku hiyo atayabeba yeye kichwani, na punda nitamfunga."