Nadhiri ya Chumvi

Kazi yangu ni umeme. Si ule wa nguzo, unaokatika kila mvua ikinyesha Kasese, bali ule wa moyo: cheche ndogo inayouamuru upige, na neva zinazouharakisha au kuutuliza bila kutuomba ruhusa. Ndugu zangu wa Bwera wakisikia hivyo huniuliza kama naweza kuwaunganishia nyumba. Nimechoka kujibu.

Ninachotafiti hasa ni kuzimia. Kwenye chumba chetu cha vipimo hospitalini kuna kitanda ambacho mgonjwa hulazwa, akafungwa mikanda, kisha kitanda kikainuliwa polepole mpaka akasimama nacho, huku waya za kifuani zikituchorea mapigo. Cha kiwandani hatukukipata, kwa hiyo nilimwendea fundi wa Bwera anayetengeneza vitanda na majeneza. Alifanya kazi safi, ila wagonjwa wakakiita jeneza la kusimama, na wengine wakikiona tu hugeuza njia.

Mama mmoja wa Katwe, kwenye ziwa la chumvi, hakugeuza. Alikuwa mzaliwa wa Beni, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, mjane, mchimba chumvi tangu usichana wake. Siku zile alikuwa akianguka ovyo: kwenye foleni ya maji, kanisani watu wakisimama, na mara ya mwisho ndani ya kidimbwi chake cha chumvi, uso chini. Wenzake walimvuta nje akiwa ameshameza maji machungu. Wanawe wakakata shauri: basi kidimbwi, ahamie kwao Nyakiyumbu akalee wajukuu.

"Munganga," aliniambia, kwani ndivyo wanavyomwita daktari kwao, "bakinitoa kwa chumvi, mi nitakufa mbele ya siku yangu. Angalia tu hii moyo."

Tukamfunga mikanda, tukamsimamisha. Mwanzoni kila kitu kilikuwa shwari. Kisha akapiga miayo, jasho likamtoka, mapigo yakaanza kusuasua, na ghafla mstari kwenye skrini ukanyooka.

"Shusha!" muuguzi akapiga kelele, nami nikakishusha kitanda kwa mikono miwili. Nimeyaona hayo mara nyingi, lakini bado huniogopesha, sifichi. Kabla hatujamgusa, mapigo yakarudi yenyewe. Akafumbua macho, akauliza nani amemwita.

Nilifurahi mno, maana sasa nilijua. Akisimama, damu humshukia miguuni. Neva zilipaswa kuibana mishipa ili damu ipande, lakini zake zilichanganyikiwa, zikauambia moyo upumzike. Presha yake nayo ilikuwa chini. Nikamuuliza anatia chumvi kiasi gani kwenye chakula.

"Chumvi? Mi hapana kula chumvi."

Nilidhani ananitania. Mchimba chumvi! Akanieleza kwamba alipoanguka mara ya kwanza alimwekea Mungu nadhiri: hataonja chumvi mpaka moyo wake upone. Alichagua chumvi kwa sababu hakuna kitu alichokipenda zaidi. Na kila alipozidi kuanguka, alizidi kukaza. Aliacha hata samaki wakavu.

Hasira zikanipanda. "Mama! Hiyo nadhiri ndiyo inazidi kukuangusha! Wengine nawakataza chumvi, wewe nakuomba uile!"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetukana kanisani. "Niliahidi Mungu, si weye."

Muuguzi akanikanyaga mguu. Roho iliniuma, kwa kuwa akilini nilimwona yuko tena ndani ya kile kidimbwi, uso chini, na safari hii hakuna mtu karibu.

Basi nikamgeuzia skrini. Nikamwonyesha mchoro wa alipokuwa amelala, kila pigo mahali pake, na picha za moyo tulizompiga asubuhi, zisizo na kasoro.

"Huu ndio moyo wako. Hauna ugonjwa. Unatii tu amri mbaya."

Akasogeza uso. "Iko muzima?"

"Mzima kabisa."

"Unaweza kuapa?"

Mimi, ambaye kwenye ripoti zangu huandika "huenda" kila mstari wa pili, niliapa.

Akaufuata mchoro kwa kidole, pigo kwa pigo. Kisha akacheka mpaka waya zikabanduka kifuani. "Kumbe Mungu alishamaliza kazi yake, na mi niko nakula chakula bila chumvi bure bure!"

Tulimfundisha kunywa maji mengi, kukaza mapaja akisimama, na kutoka kidimbwini akihisi miayo. Wanawe wakakubali ajaribu, mradi mwenzake awe karibu.

Nilipokwenda Katwe kumtazama, nilimkuta ndani ya maji mpaka mapajani, chupa ya maji ya kunywa imefungwa kiunoni, anawafokea wanaume waliokatiza juu ya ukingo wake. Alitoka, akanipakulia maharagwe. Kijiko cha kwanza kilinitoa machozi.

"Lo, mama! Chumvi imezidi!"

"Kula," akasema. "Iko ya kidimbwi yangu."