Dakika Kumi na Nane Alizonyimwa Hervé

Marehemu Hervé Kayumba alikuwa fundi wa baiskeli mjini Kasongo, mwimbaji wa kwaya, na mtu asiyekubali kuharakishwa. Gurudumu lililopinda alilizungusha mbele ya jicho lake asubuhi nzima, akikaza waya mmoja baada ya mwingine, huku mwenye baiskeli akinung'unika pembeni. Uvumilivu huohuo ndio uliomfanya bingwa wa kuteka ngome katika chumba cha michezo cha Ibrahim, karibu na soko.

Chumba kile kilikuwa na ordinatere mbili, kompyuta zilizounganishwa kwa waya, na mchezo uliopendwa kuliko yote ni ule wa vita vya wafalme wa zamani. Mmoja analinda ngome ya mawe, mwingine anakuja na jeshi kuiteka. Umeme ulitoka katika batri mbili kuukuu. Wakati wa mvua, paneli ya jua ikiwa haileti kitu, batri hizo zilidumu saa moja na dakika kumi, si zaidi. Kwa hiyo Ibrahim aliweka sheria: batri zikikwisha na ngome bado imesimama, mlinzi ndiye aliyeshinda. Sheria hiyo iliwatia washambuliaji wazimu wa haraka. Wote walikimbilia lango na gogo la kubomolea, wakamwagiwa mafuta ya moto, wakafia mlangoni.

Hervé alikaa nyuma yao majuma mawili akitazama tu. Aliona kwamba hakuna aliyewahi kuangalia mashamba. Siku alipoketi kucheza, hakugusa ukuta. Alituma wapanda farasi wanane wakamate kinu na mashamba ya ngano nje ya ngome, kabla mlinzi hajavuna. Wapiga mishale aliwaweka mbali kidogo, pasipofikiwa kutoka juu ya ukuta, ili mkulima yeyote atakayetoka asirudi. Upande wa lango alisimamisha ngazi za kudanganyia, walinzi wakajaa huko, kumbe wachimbaji wake walikuwa chini ya mnara wa nyuma. Njia moja aliiacha wazi makusudi, kwa sababu askari aliyezibiwa kila upande hupigana mpaka afe, lakini akiona pa kutorokea hutoroka. Dakika ya hamsini na tano ghala lilikuwa tupu, askari wamekimbia, mnara umeanguka. Zilibaki dakika kumi na tano za umeme.

Rafiki yake Dady alimcheka mwanzoni. Walikuwa wamepokea komunyo ya kwanza siku moja, wakiimba kwaya moja, na Dady ndiye aliyekuwa akichaji simu za watu pale kwa Ibrahim.

"Fundi, weye unapiga vita ao unaposa?" alimwambia. "Kila siku kuzunguka nyumba ya watu."

"Ngoja ghala yao iishe," Hervé alijibu. "Nitaingia bila kubisha."

Baada ya mazoezi ya kwaya alimfundisha yote, akamchorea katika kaye, daftari alilomwachia: mashamba, kinu, mnara, na dakika za kila hatua. Hakumwonyesha mtu mwingine.

Kisha Ibrahim akatangaza kwamba anapata mashine mpya, na kwamba ordinatere moja ya zamani, pamoja na paneli yake, atapewa mshindi wa shindano la Jumapili baada ya Pasaka. Hervé aliitaka kwa moyo wote. Kule Wamaza, kwao, mjomba wake Salomon alikuwa amekwisha kukandika udongo chumba kimoja na kukitengenezea benchi mbili. Hervé angerudi nyumbani akiwa na kazi yake mwenyewe, baiskeli nje, michezo ndani. Aliomba novena, siku tisa za sala.

Walibaki wawili, yeye na Jean-Paul, mfanyabiashara kijana kutoka Kabambare. Kura ikampa Hervé kushambulia, akashukuru. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kama desturi ya siku ya shindano, hakuna simu iliyochajiwa chumbani. Jean-Paul hakupigania mashamba hata kidogo, alijifungia ngomeni akangoja, na watu wakamcheka. Dakika ya hamsini na mbili ghala lake lilikuwa karibu tupu, wachimbaji wakiwa wamefika chini ya mnara. Kioo kikazimika.

Ibrahim alitazama saa, akatikisa kichwa, akasema batri zimezeeka, lakini sheria ni sheria. Hervé alisimama akampa Jean-Paul mkono. Kwa miezi miwili alijilaumu mwenyewe. Nyumbani alimwambia dada yake Louise kwamba ilimpasa kuanza kuchimba mapema zaidi, kwamba kosa lilikuwa lake. Dady alimliwaza, kisha akahamia Kabambare, akisema amepata kazi.

Ukweli ulitoka kinywani mwa Mama Faida, muuza nyanya, aliyeleta baiskeli kutengenezwa. Alimsifu Dady na kusikitika kwamba ameondoka. Jumapili ile ya shindano, alisema, Dady alipita kwa wauzaji wa soko mmoja mmoja akikusanya simu, akazichaji bure kwa Ibrahim, katika stoo ya nyuma zinamokaa batri. Simu zilikuwa zaidi ya thelathini. Yake ilijaa vizuri.

Hervé aliweka chini ufunguo wa kukazia. Alimaliza kazi ya Mama Faida, kisha akapanda pikipiki kwenda Kabambare.

Alimkuta Dady katika chumba cha Jean-Paul, ordinatere ileile mbele yake, akiwaeleza wachezaji namna ya kukamata kinu kwanza. Kaye ilikuwa imefunguliwa mezani. Wachezaji waliiita mbinu ya Dady. Dady alipomwona alitoka nje, na hakukana. Alisema Jean-Paul alimwahidi uongozi wa chumba. Alisema Hervé angekwenda Wamaza na kumwacha na simu za watu mpaka uzee.

"Ungeliniambia," Hervé alisema. "Tungelienda wote wawili."

"Weye mwenyewe ulinifundisha," Dady akasema. "Usipige mulango. Kata chakula."

Hervé hakumpiga wala hakuomba kaye yake. Alishuka Wamaza kumwona mjomba, maana mzee alikuwa bado anangoja. Salomon alimwonyesha dirisha jipya, akauliza mashine inafika lini. Hervé alijibu kwamba haitakuja, kwamba siku ile batri zilikwisha. Louise alipomwuliza baadaye kwa nini alimficha mjomba jina la Dady, alisema aliona haya. Aliyesalitiwa ndiye aliyeona haya. Wamaza nzima ingejua kwamba alimfundisha adui yake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa ameketi naye kwenye benchi la kanisa.

Mwezi wa kumi na moja homa ilimshika. Siku ya nne katekista alikuja, akasali naye, akamwuliza kama kuna mtu ambaye hajamsamehe.

"Mumoja," Hervé alisema.

Katekista alimwomba amtaje, waombe pamoja. Hervé alifumba macho, midomo ikaanza kusogea. Louise aliinama karibu, akasikia "Ee Bwana, Dady…" na mengine hakuyasikia. Midomo ilisogea muda mrefu. Saa tisa ya mchana ilitulia.

Dady alituma salamu za rambirambi kwa simu. Louise hajazijibu. Kila Jumapili anajaribu kummalizia kaka yake ile sala, naye pia anafika kwenye jina lile, na hapo anasimama.