Matawi Mulangoni, Siku Serikali Ilipotoka

Ninyi vijana mutakaosoma haya, kwenu serikali ni kama mupira. Akitajwa waziri wa kwenu, munapiga honi za pikipiki. Asipotajwa, munatukana. Mimi serikali ikitangazwa ninahesabu watu wa nyumba yangu. Nitawaambia sababu, na nitaandika kama ninavyosema, maana shule ya msingi sikuimaliza.

Makabila sitayataja. Haraka yenu ya kutaka kuyajua njo inaniogopesha.

Binti yangu aliolewa na muntu wa upande mwingine. Tulipokuwa kwetu Nyunzu hilo halikuwa neno. Tulilima pamoja, tukauza mihogo soko moja. Kisha upande wao na upande wetu wakaanza kuuana. Kabla ya moto kufika, kuna watu walipita wakifunga majani kwenye milango ya nyumba fulani fulani. Tulidhani ni michezo ya watoto. Zile zenye majani njo zilizochomwa. Tukakimbilia muji wa Kalemie, mimi, binti yangu na mukwe wangu, tukaingia parseli moja kwa kuwa hatukuwa na pa kujitenga.

Kukaa na mukwe kiwanja kimoja si kitu chepesi. Katika hilo kwetu na kwao tunafanana: mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mwanaume hapiti karibu na mama wa muke wake hata nguo zao ziguzane. Akinikuta njiani, anasubiri niondoke. Neno langu kwake linapita kwa muke wake, hata kama amesimama pale pale anasikia.

Ile serikali mpya ilikawia sana. Waziri mukuu tulikuwa naye, mawaziri bado. Sokoni watu waligawa wizara kama wanavyogawa ndagala, wale samaki wadogo: jimbo letu lipewe ngapi, na ndani ya jimbo, nani apewe. Mwanamuke niliyeuza naye meza moja, wa upande wetu, akasema, "Safari hii wakitusahau tena, muji huu utanuka." Alikuwa anacheka. Wengine hawakucheka.

Majina yakasomwa asubuhi kwenye radio. Wizara zilikuwa nyingi, nusu yake sikujua zinafanya kazi gani. Lilipotajwa jina moja, mukwe wangu akaruka kutoka kitini. Muntu wa kwao, kijiji cha jirani na chake. Wala si makamu, waziri kamili. Mimi nikatega sikio kungoja jina la upande wetu. Radio ikafika mwisho, ikapiga muziki.

Chai haijapoa, wanawake wa upande wao wakaingia wakiimba, wameshika matawi ya mungazi, muti wa mawese. Wakayafunga mulangoni kwetu, kama inavyofanywa penye harusi. Walikuja kwa moyo muzuri. Lakini mimi nilipoona majani kwenye mulango, niliona Nyunzu.

Mukwe wangu alikuwa anavaa shati nyeupe. Walipanga kwenda wakicheza mpaka mbele ya biro, zile ofisi za jimbo.

Nikamuambia binti yangu, "Muambie bwana yako asitoke."

Mukwe akajibu akiutazama ukuta. "Muambie mama leo njo siku yetu. Tangu nizaliwe hatujapata waziri. Tunaenda kucheza, hatuendi kupigana."

"Muambie hata waliochomwa Nyunzu hawakuwa wanapigana."

"Muambie mama yule ni waziri wa nchi nzima."

"Basi muulize mbona nchi nzima haichezi."

"Mimi si radio," binti yangu akasema, akaingia jikoni na kutuacha hapo.

Nje, vijana wa upande wetu walikuwa wanapita polepole na pikipiki. Mumoja akasimama. Ninamujua tangu anatambaa. "Mama, kumbe nyumba yako imepata wizara? Utatualika lini kula?" Akayatazama matawi kwa muda, kama muntu anayeshika kichwani njia ya kurudia, akaondoka.

Hapo nikachukua kiti changu kidogo cha jikoni, nikakiweka katikati ya mulango wa parseli, nikaketi. Mulango wenyewe ni mwembamba, matofali huku, mabati huku. Mukwe akaja na shati yake, akasimama nyuma yangu.

"Mama, nipishe," akasema. Hata hakungoja muke wake apeleke neno.

Nikakaza kitenge, nikabaki kitini. Ili anipite ingebidi aniruke au anisukume, na hakuna mwanaume wa kwao wala wa kwetu anayefanya hivyo. Wenzake wakamuita kutoka barabarani. "Ee papa, mama mukwe njo amekuwa askari wako?" Wakacheka, wakaenda bila yeye. Nilisikia pumzi zake za hasira juu ya kichwa changu.

Ngoma ziliteremka kuelekea katikati ya muji. Kisha zikanyamaza. Kisha zikaja kelele nyingine, zile ninazozijua. Watu wakapita wakikimbia, wengine na kiatu kimoja. Yule aliyeniita askari alirudishwa kwenye pikipiki, amefungwa kati ya watu wawili kwa kitenge asianguke, tawi lingali mukononi, uso haujulikani kwa mawe. Alipona, lakini jicho moja halioni.

Nyuma yangu mukwe wangu akakaa chini, na shati yake nyeupe, kwenye vumbi.

Yule waziri labda ni muntu muzuri, sijui. Mutaa wetu hajaukanyaga. Na serikali hazikai, nyingine itatoka, na majina yatasomwa tena.

Siku ile ile nikasimama, nikayang'oa matawi yote, nikayatia kwenye moto wa jikoni. Yalikuwa mabichi, moshi ukajaa kiwanja kizima. Kisha nikawaita wote, na mukwe wangu pia, nikasema naye mwenyewe, macho yangu chini:

"Siku serikali inatoka, radio izimwe na mulango ufungwe. Asitoke muntu, acheze au alie. Na jani lolote, hata la harusi, lisifungwe tena mulangoni kwangu."